Polisi Jamii Baada ya Mwaka Mmoja: Tathmini ya Mkazi Aliyeitumia Huduma

Umetimia mwaka mmoja tangu askari polisi wa jiji letu walipopangiwa mitaa, kila mtaa na askari wake anayejulikana kwa jina, na tangu kuanzishwa kwa vikao vya kila mwezi baina yao na wakazi. Hivi karibuni mkuu wa polisi wa jiji aliitisha mkutano wa hadhara ili aeleze anavyouona mwaka huo, na alizungumza kwa muda mrefu bila kusoma karatasi. Nimeitumia huduma hii tangu kikao cha kwanza cha mtaa wetu, na naiandikia tathmini kama vile mtu anavyoandika kuhusu huduma yoyote anayoilipia, kwa kuwa kodi zetu ndizo zinazoiendesha. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asiutafute: huduma hii ni njema na inastahili kuendelea, lakini uzuri wake wote umesimama juu ya mambo mawili, yaani askari kudumu katika mtaa aliopangiwa, na tatizo lililofikishwa kikaoni kurudishiwa jibu. Palipokuwa na mambo hayo mawili, mwaka huu umekuwa na faida kubwa. Pale yalipokosekana, tulibaki na vikao.

Inafaa kwanza kueleza ni kitu gani kinachotathminiwa, kwa sababu wapo wanaodhani polisi jamii ni askari kusalimiana na watu na kupiga nao picha. Wazo lenyewe ni la zamani. Polisi wa London walipoundwa mwaka 1829 chini ya Robert Peel, msingi uliokuja kunasibishwa na jina lake ulikuwa kwamba polisi ni wananchi na wananchi ni polisi, na kwamba kipimo cha kazi yao ni kutokuwepo kwa uhalifu, wala si wingi wa pilikapilika za kuukabili. Japani nayo tangu miaka ya 1870 imekuwa na vituo vidogo vya mtaani vinavyoitwa koban, ambavyo askari wake huwaelekeza wapita njia, hupokea vitu vilivyookotwa, na hupita nyumba kwa nyumba kuwafahamu wakazi kabla hakijatokea chochote. Baadaye, katika miji mingi ya dunia, gari la doria na redio ya mawasiliano vilimwondoa askari barabarani vikamweka nyuma ya kioo, akawa anafika pale tu anapoitwa, na anayemkuta ni mtu ambaye tayari ameibiwa au amepigwa.

Katika mkutano wa kamanda, swali la kwanza kutoka kwa wananchi lilikuwa ni kwa nini askari wameshushwa kwenye magari ilhali watu wanataka kuziona doria zikipita. Jibu lake lilikuwa fupi mno, nami nadhani angeweza kulijibu vizuri zaidi, maana jambo hilo limekwishapimwa. Katika jiji la Kansas City, Marekani, kuanzia Oktoba 1972 hadi Septemba 1973, maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika mafungu matatu. Katika fungu la kwanza magari ya doria yaliondolewa, yakawa yanaingia tu pale yanapoitwa. Katika la pili yaliongezwa mara mbili hadi tatu. Na katika la tatu yaliachwa kama yalivyokuwa. Mwaka ulipokwisha, hapakuwa na tofauti ya maana katika uhalifu, katika hofu ya wakazi, wala katika kuridhika kwao na polisi, na wengi wao hawakutambua hata kwamba kuna kilichobadilika. Miaka michache baadaye jiji la Newark, katika jimbo la New Jersey, lilijaribu doria za miguu, na ripoti iliyotolewa mwaka 1981 ilionyesha kwamba uhalifu haukupungua kwa kiasi cha kuonekana, lakini wakazi walijisikia salama zaidi na waliwathamini polisi wao kuliko awali. Kwa hiyo mtu anayeilinganisha huduma hii na magari yaliyokuwa yakizunguka zamani ajue kwamba magari yale nayo hayakuwa yakifanya kazi tuliyodhani yanafanya. Ajue pia, na hili ni muhimu kwa wasifiaji kama lilivyo kwa wapinzani, kwamba askari kutembea kwa miguu hakutoshi kupunguza wizi.

Kinachoweza kuupunguza ni kazi inayofuata baada ya kutembea, na hapo ndipo nilipoipenda huduma hii zaidi. Sehemu yake bora haionekani kwenye picha za mikutano, kwa kuwa ni daftari. Askari wa kwanza kupangiwa mtaa wetu, mwanamke mtulivu mwenye cheo cha sajenti, alikuja kikaoni na daftari kubwa la jalada gumu, akalipiga mistari mbele yetu kwa rula. Safu ya kwanza ilikuwa ya tatizo, ya pili ya tarehe lilipotajwa, ya tatu ya ofisi au mtu anayepaswa kulishughulikia, ya nne ya siku ambayo jibu litaletwa kikaoni, na ya mwisho ilikuwa ya jibu lenyewe. Katika kila kikao kilichofuata alianza kwa kusoma safu ya mwisho kabla hajaruhusu malalamiko mapya. Lililokuwa bado alisema kuwa ni bado, akataja na mahali lilipokwama.

Mfano ulio wazi ni kichochoro kinachotoka kituo cha mabasi kuelekea kwenye nyumba. Watu walikuwa wakinyang'anywa simu hapo, na kwa muda mrefu kila aliyenyang'anywa alikwenda kituoni, akaandikisha taarifa yake, akapewa namba ya jalada na kurudi nyumbani. Kila tukio lilikuwa na karatasi yake, na hakuna aliyeziweka karatasi hizo pamoja. Sajenti aliziweka pamoja. Aligundua kwamba karibu matukio yote hutokea jioni watu wanaposhuka kwenye mabasi, kwamba taa ya pale ilikuwa imekufa, na kwamba lundo la mchanga na matofali ya mtu anayejenga lilikuwa limekula nusu ya njia, hivi kwamba wapitaji walilazimika kupita mmoja mmoja wakibanana na ukuta. Hapo aliyekusudia kunyakua alikuwa na kazi nyepesi. Hakukamatwa mtu katika kulitatua hilo. Mwenye ujenzi alitakiwa kuondoa matofali yake, ofisi ya taa ikaandikiwa na kufuatiliwa mpaka ikaja, na kwa majuma kadhaa askari wawili walikuwa wakisimama pale katika saa za jioni. Unyang'anyi mahali hapo ukaisha. Inawezekana baadhi ya wezi walihamia kwingine, na sajenti mwenyewe alilisema hilo kikaoni bila kuulizwa, akatuomba tumweleze kama tunasikia habari kama hizo kutoka mitaa jirani.

Namna hiyo ya kufanya kazi ina historia yake. Mwaka 1979 Herman Goldstein, mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliandika kwamba vyombo vya polisi vilikuwa vimejishughulisha mno na taratibu zao wenyewe, yaani idadi ya askari, vifaa na mpangilio wa zamu, hata vikasahau matokeo ambayo wananchi wanayangojea. Alitaka askari aache kulishughulikia kila tukio kana kwamba halina ndugu, na badala yake atafute tatizo linaloyazaa matukio hayo. Naamini hapo ndipo ilipo tofauti kati ya polisi jamii ya kweli na ile ya jina tu. Askari anayefahamiana na wakazi lakini hatatui tatizo lao ni mgeni mwema, na wema wake, ijapokuwa ni jambo la kushukuriwa, hauondoi giza kichochoroni.

Kuna kikao kimoja kilichonifanya niiheshimu huduma hii hata pale ilipokuwa haijanipa chochote mimi binafsi. Kijana aliyekuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, aliomba nafasi akauliza kwa nini yeye na wenzake hupekuliwa mifuko kila wanaporudi kutoka kazini usiku, na kwa nini hawaambiwi wanachoshukiwa. Wazee wawili walianza kumnyamazisha, wakisema askari wanafanya hivyo kwa usalama wake. Sajenti aliwaomba wamwache amalize, kisha akamwuliza ilikuwa wapi, saa ngapi, na kama askari waliompekua walijitambulisha. Aliyaandika majibu katika daftari lilelile, kwa safu zilezile, kana kwamba ni taa iliyoharibika. Kikao kilichofuata alikuja na kiongozi wa zamu ya usiku, na kiongozi huyo akasema mbele ya watu wote kwamba askari wake wameelekezwa kujitambulisha na kueleza sababu kabla ya kumgusa mtu, na kwamba asiyefanya hivyo aripotiwe kwake. Sijui kama kijana yule aliridhika. Ninachojua ni kwamba alikuja tena, safari hiyo akiwa na wenzake, na wakakaa kwenye viti.

Tom Tyler, mwanasaikolojia wa Marekani, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba watu hutii sheria na kuwapa ushirikiano wanaoisimamia pale wanapoona wametendewa haki katika utaratibu wenyewe, yaani wamesikilizwa, wameelezwa sababu, na wameheshimiwa, hata kama uamuzi wa mwisho haukuwa upande wao. Jiji la New Haven nalo lilishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, ambapo askari walibisha hodi kwenye nyumba za watu bila kuwa na shauri lolote, wakajitambulisha na kuzungumza nao kwa dakika chache tu. Mazungumzo hayo ya mara moja yaliboresha maoni ya wakazi kuhusu polisi, na athari hiyo ilikuwa bado inaonekana siku 21 baadaye. Matokeo hayo yananipa moyo, lakini pia yanatuonya tusizidishe matarajio, kwa kuwa kubadili maoni ya mtu kwa majuma matatu ni jambo moja na kubadili hali ya usalama wa mtaa ni jambo jingine.

Sasa niirudie hotuba ya kamanda, ambayo ndiyo taarifa rasmi ya mwaka na kwa hiyo nayo ni sehemu ya huduma ninayoitathmini. Sehemu yake iliyonishangaza kwa wema ni ile aliyoeleza kwamba taarifa za uhalifu zilizofikishwa vituoni zimeongezeka, na kwamba haoni aibu kulisema hilo. Alieleza kwamba katika mitaa ambayo watu walikuwa hawaendi kabisa kituoni, kuongezeka kwa taarifa ni dalili kwamba wameanza kuona kuna faida ya kwenda. Wapo waliomcheka ukumbini, nami naona walikosea kumcheka. Nchini Marekani, ambako tangu miaka ya 1970 wananchi huulizwa moja kwa moja kila mwaka kama wametendewa uhalifu, imeonekana kwamba chini ya nusu ya matukio ya ukatili huwahi kufikishwa polisi. Mahali ambapo sehemu kubwa ya uhalifu imefichika hivyo, kiongozi anayetaka takwimu nzuri anaweza kuzipata kwa urahisi kwa kuwakatisha watu tamaa ya kuripoti. Kamanda aliyekubali takwimu zake zionekane mbaya ili watu waendelee kuripoti amefanya jambo la kiuongozi, na ningependa wakubwa wake wasimwadhibu kwa hilo.

Hata hivyo, sehemu iliyobaki ya hotuba ilikuwa hesabu ya shughuli. Tulihesabiwa vikao vilivyofanyika, watu waliohudhuria, vipeperushi vilivyogawiwa na shule zilizotembelewa. Hatukuambiwa ni matatizo mangapi yaliyotajwa katika vikao hivyo, wala ni mangapi yaliyorudishiwa jibu. Hesabu hiyo ipo, au ingepaswa kuwepo, kwa sababu daftari la sajenti lilikuwa nayo tangu mwezi wa kwanza. Ingetosha kila mtaa kujumlisha safu yake ya mwisho na kuipeleka makao makuu. Nilitamani sana kuisikia, maana hiyo ndiyo ingetueleza kama mwaka umefanya kazi, na ingemweleza kamanda mwenyewe ni ofisi zipi za jiji zinazowaangusha askari wake. Mengi ya yale yanayotajwa vikaoni hayako mikononi mwa polisi kabisa. Ni taa, ni mitaro, ni majengo yaliyotelekezwa, ni vileo vinavyouzwa usiku kucha. Askari huyapokea kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele yetu, na kama ofisi nyingine hazimjibu, lawama zinabaki kwake.

Nalikaribia sasa jambo lililoniumiza zaidi mwaka huu. Katikati ya mwaka sajenti wetu alihamishwa. Hatukuarifiwa kabla, tulifika kikaoni tukamkuta askari mwingine, kijana mwenye adabu ambaye hakuwa na daftari wala hakujua kwamba lilikuwepo. Mama mmoja alimwuliza kuhusu jengo lililotelekezwa nyuma ya nyumba yake, ambalo lilikuwa limepangiwa kujibiwa siku hiyo, na yule askari akamwomba aeleze upya tangu mwanzo. Alieleza. Mwezi uliofuata hakuja. Baada ya hapo viti vilianza kubaki vitupu, na waliobaki walikuwa wale wanaohudhuria kila mkutano wa aina yoyote. Askari mpya hakuwa na kosa, na kwa juhudi zake mwenyewe amekwisha kuwafahamu watu wengi, lakini alianzishwa kwenye sifuri na mtaa mzima ukaanzishwa naye.

Kamanda aliulizwa kuhusu uhamisho na akautetea kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba askari ana haki ya kupandishwa cheo na kupata uzoefu wa kazi nyingine. Ya pili, aliyoisema kwa uangalifu, ni kwamba askari anayekaa mahali pamoja muda mrefu anaweza kuzoeana na watu kupita kiasi, na kuzoeana huko kukazaa upendeleo au rushwa. Hoja zote mbili ni za kweli na sizipuuzi. Lakini zinahusu askari anayekaa miaka mingi. Hazimhusu anayeondolewa kabla hajamaliza hata mwaka. Hofu ya rushwa hutibiwa kwa usimamizi na kwa mahali pa kupeleka malalamiko dhidi ya askari, ambapo katika mpango wetu bado hapajaeleweka vizuri. Uhamisho wa haraka humwondoa mwadilifu pamoja na asiye mwadilifu, na aliyepoteza zaidi ni mkazi ambaye alikuwa ameanza kumwamini mmoja wao.

Jambo hili si letu peke yetu, na ndiyo maana nalitilia mkazo. Mwishoni mwa mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa kwa wakati mmoja katika nchi sita, yaani Brazil, Kolombia, Liberia, Pakistani, Ufilipino na Uganda. Polisi wa nchi hizo walianzisha shughuli za polisi jamii katika maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha maeneo hayo yakalinganishwa na mengine ambayo hayakupata huduma hiyo. Matokeo yalikuwa mazito kuyasoma: imani ya wananchi kwa polisi haikuongezeka, na uhalifu haukupungua. Watafiti walipochunguza sababu, walikuta mambo ambayo mkazi yeyote wa mtaa wetu angeyatambua mara moja. Viongozi hawakuipa kazi hiyo kipaumbele, askari na wakuu wao walihamishwa wakati mpango ukiendelea, na hapakuwa na uwezo wa kuyashughulikia matatizo ambayo wananchi waliyataja. Kwa maneno mengine, yalikosekana mambo yaleyale mawili niliyoyataja mwanzoni, juu yake likakosekana na la tatu, ambalo ni nia ya mkubwa.

Wapo waliousoma utafiti huo wakahitimisha kwamba polisi jamii haifai kwa nchi zenye polisi maskini. Mimi nausoma tofauti. Unaonyesha kwamba huduma hii haiwezi kubandikwa juu ya jeshi la polisi linaloendelea na mambo yake kama kawaida. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliyokusanya ripoti 25 za tathmini, yalikuta kwamba kwa jumla polisi jamii huongeza kuridhika kwa wananchi lakini hupunguza uhalifu kidogo sana au haiupunguzi kabisa, na nadhani kamanda wetu angefanya vyema kulisema hilo wazi badala ya kuahidi, kama alivyoahidi, kwamba mwaka wa pili uhalifu utashuka. Ahadi hiyo inaweza kumgeukia. Angeahidi kwamba kila tatizo litakuwa na jibu, angeahidi kitu kilicho ndani ya uwezo wake.

Kuhusu mahudhurio, nina la kusema pia, ingawa si refu. Wanaokuja vikaoni ni watu wazima, wenye nyumba na wenye biashara. Wapangaji ni wachache, vijana ni wachache zaidi, na wafanyakazi wa zamu za jioni hawawezi kuja hata wakitaka, kwa kuwa kikao huwekwa saa zao za kazi. Jiji la Chicago, lililoanzisha mpango wake mwaka 1993 katika wilaya tano za majaribio kisha likausambaza katika maeneo yake yote 279 ya doria kwa vikao vya kila mwezi, lilikutana na hali kama hiyo. Wesley Skogan wa Chuo Kikuu cha Northwestern, aliyeufuatilia mpango huo kwa miaka mingi, alionyesha kwamba wenye nyumba na wenye umri mkubwa walijitokeza zaidi, na kwamba wakazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliachwa nyuma kwa kiasi kikubwa. Hatari yake ni kwamba kikao kinaweza kuwa mahali ambapo kundi moja la wakazi linawatuma polisi kwa kundi jingine. Nimewahi kusikia pendekezo kikaoni kwamba vijana wote wanaokaa kwenye kona fulani waondolewe, na hakuna hata mmoja wa vijana hao aliyekuwepo kujieleza. Askari wetu mpya, kwa sifa yake, alikwenda kwanza kuzungumza nao, akarudi na taarifa kwamba wanangojea kuitwa kwenye vibarua vya kushusha mizigo.

Lipo pia suala la siri, na hapa natoa onyo kwa yeyote anayetaka kuitumia huduma hii. Kikao ni mahali pa kujadili tatizo, si mahali pa kumtaja mtu. Mkazi anayesimama mbele ya majirani zake na kutaja nyumba inayouza dawa za kulevya amejiweka hatarini, na katika miezi ya mwanzo hapakuwa na mtu aliyetutahadharisha. Siku hizi kikao hufunguliwa kwa kuelezwa kwamba majina yapelekwe faragha, na huo ni uboreshaji wa kweli. Bado ningependa utenganisho uwe wa wazi zaidi kati ya askari wa mtaa na idara ya upelelezi, kwa sababu mara mkazi akianza kuhisi kwamba kila neno analolisema kwa askari wa mtaa linageuzwa kuwa jalada la kesi, ataacha kumweleza hata habari za taa.

Namba ya simu ya askari wa mtaa haikunisaidia sana. Hupokewa mchana, haipokewi usiku, na kwa dharura ni bora kupiga namba ya kawaida ya dharura.

Nina wasiwasi mmoja kuhusu mwaka wa pili, nao ni fedha na watu. Majira ya joto ya mwaka 2009 jiji la Philadelphia lilipeleka askari wa doria za miguu katika maeneo 60 yenye ukatili mwingi, na uhalifu wa ukatili katika maeneo hayo ukashuka kwa asilimia 23 ukilinganishwa na maeneo mengine 60 yaliyoachwa kama yalivyokuwa. Ni moja ya matokeo mazuri zaidi yaliyowahi kupatikana kwa doria za miguu. Askari walipoondolewa, faida hiyo ilipotea. Kamanda alidokeza kwamba baadhi ya mitaa itaunganishwa ili askari mmoja ahudumie miwili, na kwamba wengine watarudishwa kwenye kazi za kawaida kwa sababu ya upungufu. Nafahamu kwamba hana askari wa kutosha. Lakini ningemwomba achague mitaa michache na kuihudumia kikamilifu kuliko kuitandaza huduma hii jijini kote mpaka iwe nyembamba kiasi cha kutoonekana, maana katika mitaa miwili ya askari mmoja, daftari hata likiwepo halitakuwa na wa kulifuatilia.

Mkazi ambaye hajawahi kuhudhuria namshauri aende, na akifika aulize mapema jina la askari na muda anaotarajiwa kukaa katika mtaa huo. Aende na tatizo moja lililo mahususi, lenye mahali na saa, badala ya malalamiko ya jumla kwamba usalama umezorota, kwa sababu malalamiko ya jumla hayana safu ya kuandikwa. Akishalitaja, aombe liandikwe mbele yake na apewe siku ya jibu. Sisi katika mtaa wetu tumeamua kutosubiri tena: tumenunua daftari letu wenyewe, linatunzwa na katibu wa wakazi, na askari yeyote atakayeletwa atakabidhiwa nakala yake siku ya kwanza. Askari wetu wa sasa amelikubali wazo hilo na ameomba kwamba katika ukurasa wa kwanza iandikwe habari ya lile jengo lililotelekezwa, ambayo bado haijajibiwa.